Vigingi Vilivyochipua

Kaneza mwanangu,

Habari za shuka, sabuni na dawa ya malaria amekwisha kukupa mama yako, na najua atazirudia kesho mlangoni. Mimi sitazigusa. Tangu mambo yale ya ufukweni unanisalimu asubuhi kwa heshima, unaniwekea maji ya kunawa, unanijibu nikikuuliza, kisha unanyamaza. Kesho unakwenda Bujumbura, chuo kikuu. Sitaki uende na kimya hicho kabla hujajua nilichokifanya leo. Lakini siwezi kuanza na leo. Utadhani ninajitafutia sifa. Nitaanza na vigingi.

Unakumbuka jinsi kazi ile ya utafiti ilivyoanza. Ulikuja na karatasi ya madamu wenu wa jiografia, ukasema kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atafute swali lake mwenyewe, alipime mahali, aliandike na kulitetea mbele ya darasa. Swali lako la kwanza lilikuwa "Ziwa Tanganyika na binadamu." Nilicheka. Nikakuambia hilo ni swali la Mwenyezi Mungu, si la mtoto wa hapa kijijini Gatete. Ulikasirika, ukaondoka, na uliporudi ulikuwa umelipunguza mpaka likaenea mkononi: maji yamepanda kiasi gani katika kipande cha ufuko kilicho chini ya shamba letu, na yamewaondoa nani. Lilikuwa swali zuri. Sikukuambia.

Tena halikuwa swali la mezani. Sote tuliyaona maji yakija. Tuliyasikia mawimbi yakipiga kuta za matofali ya udongo mpaka nyumba ikaketi chini kama mtu aliyepigwa rungu magotini. Tuliona michikichi ikilala ndani ya maji na mizizi yake juu. Kiboko aliingia katika mihogo ya watu, na mtu aliyetoka kumfukuza alirudishwa nyumbani ndani ya shuka. Ziwa halikutuomba ruhusa. Wewe ulitaka kulishika angalau kwa kamba, na kamba ulisokota mwenyewe, ukaifunga fundo kila mita.

Ulipanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga jambo lolote. Ulizunguka kwa wazee ukiwauliza maji yalifika wapi walipokuwa vijana. Ulichora ramani, ukaifuta, ukaichora tena. Kisha ukapanda vigingi vya matete kutoka majini kuelekea juu, vikiwa vimenyooka, ili kila wiki uone kipi kimemezwa. Watoto wa watu wakaving'oa, wakapikia maharage. Ukapanda vingine, vikapikiwa. Ulikuja jikoni umejishika kiuno kwa hasira.

"Papa, wamevichoma tena! Sasa nitapima na nini? Na pua yangu?"

Nami, mtu mwenye jibu la kila kitu, nikakujibu kabla hujamaliza kufuta machozi. Nikachukua panga, nikaenda kwenye ua wetu wa minyaa, ile ambayo watu wa hapa huiita miyenzi, nikakata fimbo mbichi. Nikakuambia: "Mnyaa haupikiwi, moshi wake unatoa macho. Mbuzi hauli. Hauozi. Panda hivi, hakuna atakayevigusa." Ulinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama ulipokuwa mdogo. Nilijiona mwerevu sana.

Kaneza, kila mtu wa ufuko huu, hata asiyejua kusoma, anajua maana ya fimbo mbichi za mnyaa zilizopandwa kwa mstari. Ni mpaka. Mtu akigawana na nduguye, hupanda minyaa. Wazee wakimaliza kesi ya shamba, hupanda minyaa. Mimi na jirani yetu Barnabe tulipogawanyiwa shamba hili niliporudi kutoka Tanzania, yeye akiwa amelilima miaka yote ya uhamisho wetu, bashingantahe, wazee wa kusuluhisha, walisimama katikati na wakatupandisha minyaa kutoka barabarani hadi majini, nusu kwake, nusu kwangu. Nilikuwapo. Niliishika mikononi. Na ziwa lilipopanda likakomba kipande cha chini cha ua ule, kila mtu wa Gatete alijua kwamba pale chini, kwenye matope, hapana mpaka tena, na kwamba ni mahali pa kupita kwa adabu.

Nikakutuma wewe ukapande pale.

Sikufanya kwa hila. Ningefanya kwa hila ningekuwa na akili zaidi. Nililelewa katika makazi ya wakimbizi, ambako mashamba yalipimwa na serikali na pembe zake zilikuwa mawe yaliyopakwa rangi. Mti ulikuwa mti. Lakini hicho nacho si kisingizio, kwa sababu kabla ya uhamisho nilikuwa mtoto, na siku tuliyokimbia niliona ua wa baba yangu ukifyekwa. Watu walioingia walianza na ua kabla ya kuingia nyumbani. Naona hadi leo maziwa yale meupe ya mnyaa yakichirizika chini, na baba amesimama mlangoni akimwambia mama atupitishe nyuma. Baba hakupita nyuma. Nilijua, basi, kwamba mtu anayekuja kukumaliza huanza na mnyaa. Nilijua, na sikujiuliza ninachokijua.

Wewe uliuliza. Hilo nalo nalikumbuka. Ulisema, "Papa, si tungemwambia kwanza mzee Barnabe?" Nikakujibu kwamba Barnabe yuko Minago anakamua mawese, na vigingi vya shule havihitaji ruhusa ya mtu. Mstari wako ulikuwa umenyooka, kama madamu alivyokufundisha. Ua wa zamani ulikuwa umepinda. Kwa hiyo mstari uliingia upande wake, ukaiacha michikichi yake kadhaa upande wetu. Kisha mvua ikanyesha, na vigingi vikafanya kazi ya mnyaa: vikachipua.

Siku Barnabe aliporudi tulikuwa tunashuka ufukweni, wewe na kamba yako, mimi na panga la kukufyekea majani. Ulikuwa unakwenda kuchukua kipimo cha mwisho. Walikuwa wametutangulia: Barnabe, mwanawe Eliya aliyekuja kutoka kuvua Magara, na majirani ambao majina yao nimeamua kuyasahau. Nilitoa salamu ya amani.

"Amahoro, Barnabe."

"Amahoro gani, Mwalimu? Iko nini hii umepanda mu shamba yangu?"

"Si kitu. Ni vipimo vya shule vya mtoto."

Alicheka, na wenziwe wakacheka. Akainama, akachuma jani changa, akaniwekea mbele ya pua.

"Kipimo iko na majani? Kipimo inaota, Mwalimu? Mimi sikusoma, lakini rula naijua. Sijaona rula ya kuchipua."

Mtu mwenye busara angecheka naye. Mzaha ule ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mimi nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba hajui asemalo, na kwamba asiyesoma hana budi kumsikiliza aliyesoma.

"Yampaye Imana! Mungu wangu, munasikia?" akawaambia wenziwe. "Kwanza mulikuja na karatasi zenu za Tanzania, mukachukua nusu. Nikanyamaza. Sasa munatuma mutoto wa shule achukue nusu ya nusu!"

Wewe ukasema, "Mzee Barnabe, mutusamehe, nitavitoa vyote sasa hivi, ni vya maji tu." Ulisema kwa Kiswahili chao, kwa upole, na ukainama kuanza kung'oa. Ungetuokoa. Lakini niliona mwanangu akiinama mbele ya mtu yule, nikakushika bega, nikakuinua, nikasema, "Usiguse."

Neno hilo moja ndilo lililoleta yote, na si Barnabe aliyelisema.

Aliinua panga lake na kufyeka vigingi, kimoja baada ya kingine, akija kwangu. Nilisimama njiani. Mnyaa alioukata mbele yangu ulinirushia maziwa machoni, yote mawili. Hujawahi kuungua hivyo, na Mungu asikuonjeshe. Nilisikia mawe yakianza kurushwa. Nilisikia jiwe likigonga mfupa na nikajua ni mfupa wako kwa sababu ulilia. Nilifungua macho, nikaona ukungu mweupe, na ndani ya ukungu mtu amekukumbatia kwa nyuma anakuvuta. Sikungoja kujua anakuvuta kutoka wapi. Nilikata.

Ulikuwa mkono wa Eliya. Alikuwa anakutoa kwenye mawe.

Mengine uliyaona kwa macho mazima kuliko mimi. Vidole vyake viwili vilibaki mchangani. Barnabe alipiga ukelele ambao nilikuwa sijausikia tangu nilipokuwa mtoto. Wewe, damu ikikutoka kwenye nyusi, ulimketisha Eliya chini, ukakifunga kifundo cha mkono wake kwa kamba yako ya vipimo, ukaikaza kwa kipande cha kigingi mpaka damu ikapungua, ukawapigia kelele wanaume wale wote walete pikipiki. Wakakutii. Mimi nilikuwa nimepiga magoti majini ninanawa macho, panga bado mkononi.

Kabla sijafika kwenye kasho, mahabusu ya komini, jiko letu lilikuwa limetiwa moto. Mama yako alitoka na sufuria moja na kanga aliyovaa. Michikichi mitatu ya karibu na nyumba ilichomwa ikiwa imesimama, na mafuta ndani yake yakalia kama nyama. Hakuna aliyekufa. Watu hulisema hilo kana kwamba ni hesabu iliyokamilika.

Bashingantahe walitukalisha. Nilikiri kuukata mkono wa Eliya, sikubishana, nikatoa walichosema nitoe, na nikaapa mbele yao kwamba sikukusudia mpaka. Ililetwa bia ya ndizi kwa wengine, na soda kwetu sisi watu wa kanisa, tukanywa huku Barnabe akitazama chupa yake. Watu wakaenda nyumbani wakisema mambo yamekwisha.

Ninyi wawili, wewe na mnyaa, ndio mliokataa kwisha.

Mnyaa uliokatwa haufi. Pale Barnabe alipofyeka shina moja, yalitoka matawi mawili, yakanenepa. Yeye hakuthubutu kuugusa tena kwa sababu ya damu. Mimi nilikuwa huru kuugusa, tena nilikuwa nimeapa kwamba si mpaka, na nikauacha ukue mpaka ukawa mpaka. Ulinijia wiki ile niliyotoka kasho ukaniambia, "Papa, twende tuving'oe." Nikakujibu, "Aving'oe aliyevikata." Ndiyo mara ya mwisho uliyosema nami jambo lisilohusu maji ya kunawa.

Na kazi yako ukaimaliza. Hapo ndipo uliponishangaza. Nilidhani utaiacha, madamu mwenyewe alikuruhusu kuchukua swali jingine. Uliosha kamba ile, doa halikutoka kwenye mafundo, ukarudi ufukweni peke yako, ukapima. Ulipoitetea mbele ya darasa nilikuja nikasimama nje, chini ya dirisha, kwa sababu hukunialika. Ulisoma kwa Kifaransa. Ulionyesha maji yalipokuwa wakati wa wazee na yalipo sasa, na nyumba za nani ziko chini. Kisha ukafika kwenye sehemu ya magumu ambayo mtafiti alikutana nayo. Ulisema mtafiti alitumia vigingi vya miti mibichi bila kuwauliza wenyeji maana yake, na kwamba kosa hilo lilimwaga damu, na kosa ni la mtafiti.

Madamu alikuuliza, "Hakuna aliyekushauri?"

Ukajibu, "Hapana, madamu. Nilikuwa peke yangu."

Niliondoka dirishani. Nimepigwa mara nyingi, Kaneza. Mwalimu wangu wa Kiswahili kule Tanzania alitupiga kwa kila kosa la sarufi, na aliyechelewa kujibu alipigwa zaidi ya aliyekosea. Ndiyo sababu ninaandika kwa usahihi, na ndiyo sababu najibu upesi. Nimewapiga wengi pia kwa fimbo hiyo hiyo, miaka yote ya ualimu wangu, nikiamini ninawapa kitu. Lakini sijapigwa kama nilivyopigwa na jibu lako. Ulinificha mbele ya watu kama mtu anavyomfunika maiti wake, na nyumbani ukaninyima neno. Nilitambua kwamba yote mawili yalikuwa heshima. Laiti ungenitukana.

Basi leo. Ulipokwenda Minago kumuaga shangazi yako, nilichukua jembe, nikaenda kwa Barnabe. Panga nililiacha. Alikuwa ameketi anachambua ngazi, mikungu ya michikichi. Hakuinuka.

"Mwalimu. Leo unakuja kukata nani?"

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kuingia shambani mwako."

"Shamba yangu iko wapi? Nionyeshe. Maana mimi sijui tena inaishia wapi."

"Ndilo ninalokuja kulionyesha. Nataka kuing'oa ile minyaa. Niliipanda mimi. Si mtoto. Yeye aliniambia tukuulize, nikamkataza."

Alichambua chikichi moja, akaitupa kikapuni, akachambua nyingine. Nilisimama juani kama mwanafunzi. Sijui ni kwa muda gani. Sikuona haja ya kujua.

"Mbona hukusema hivi mbele ya wazee?"

"Kwa sababu hawakuniuliza nani aliyekata fimbo. Nami sikuwasaidia kuuliza."

Eliya alitoka ndani. Nilikuwa sijamtazama usoni tangu siku ile. Hupita njia ya juu, nami hupita ya chini. Ameota ndevu. Alilitazama jembe langu, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hiyo jembe iko na mupini mubovu. Utajikata." Kisha akasema, "Ngoja nilete yetu. Ule mukono wangu mwingine uko mu konje, yaani likizo ya maisha, lakini huu unafanya kazi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Lakini alilileta jembe.

Tuling'oa mpaka jua likageuka jekundu upande wa Kongo. Mizizi yake imekwenda mbali kuliko nilivyodhani. Kila shina lilitoa maziwa, na mikono yangu inaungua ninapoandika, ndiyo maana herufi hizi si nzuri; usidhani nimezeeka ghafla. Barnabe alikuja baadaye, akasimama pembeni, kisha akaanza kuyakusanya mashina na kuyatupa juu ya mwamba mkavu ili yasishike tena udongo. Tulipomaliza nilimpa mkono. Aliutazama, akasema, "Bado, Mwalimu," akaenda zake. Sikuandikii hili ili umwone mbaya. Alisema kweli, na "bado" ni neno kubwa kuliko nililolitegemea.

Nilitaka kuondoka. Eliya alikuwa amechutama pale maji yanapoishia, anapigilia kitu kwa jiwe. Nilifikiri ni mnyaa mwingine. Nikamwendea. Ulikuwa mti mkavu, kipande cha ubavu wa mtumbwi wa zamani, mweusi kwa lami, umekufa kabisa. Hauwezi kuota hata Yesu akirudi.

"Wa nini huo?" nilimuuliza.

"Dada Kaneza atataka kujua maji imefika wapi," alisema. "Mwambie huu ni mukavu. Hauombi kitu kwa mutu."

Aliupiga mara nyingine kwa mkono wake wa kushoto, akausukuma kuona kama umesimama. Ulisimama. Wimbi lilikuja likauzunguka, likarudi.

Sina ushauri wa kukupa kuhusu chuo. Utakutana na watu wenye majibu ya haraka, na wengi wao watakuwa na vyeo. Utawatambua, umelelewa na mmoja. Jambo moja tu nakuomba, nalo ni haki yangu: kosa lile ulilolibeba mbele ya darasa, lirudishe. Ni langu. Nimekwisha kumwambia Barnabe, na asubuhi nitapitia kwa madamu wenu, kabla hujaondoka, nimwambie hukuwa peke yako. Alama ulizopewa ziko palepale. Nataka tu ajue nani alikata fimbo.

Kesho nitalibeba sanduku lako hadi barabarani. Gari likishapita shamba letu, geukia upande wa ziwa. Hutaona kijani pale chini, utaona matope na ule mti mweusi. Kama hutasema nami tukiwa tunangoja, nitaelewa, na nitasimama nawe vilevile. Lakini kama litakutoka neno moja, usinitafutie la kunifariji. Niulize maji yamefika wapi. Nitakuwa nimeshuka kuangalia.

Baba yako